Mzee aliandika saa 1, nami nikaandika saa 1

Madaftari yalikuja kwenye mfuko wa salfeti, yamefungwa kwa kamba ya wavu, yananuka dagaa. Yalikuwa kumi na moja, yale makubwa ya jalada gumu ambayo wenye maduka huandikia madeni. Kila ukurasa ulikuwa umepigwa mistari kwa rula: tarehe, saa, maji, mvua, na pembeni kolamu moja isiyo na kichwa ambamo Mzee aliandika lolote aliloona linafaa. "Mawimbi." "Boti imegonga ubao." "Msiba." Mahali pamoja, kwa kalamu nyekundu: "Mamba."

Mimi nina kibanda cha steshenari hapa Mwanga, Kigoma mjini. Nachapa, natoa kopi, nasaidia vijana kujaza maombi ya kazi mtandaoni, napiga picha za pasipoti. Injinia mmoja wa maji, mteja wangu wa siku nyingi, alikuwa anafuatilia kupanda na kushuka kwa ziwa, akaniletea huo mfuko. Kuna kijiji kusini mwa mji, mwendo wa boti, ambako Mzee mmoja amekuwa akisoma ubao wa kipimo cha maji kila siku, asubuhi na jioni. "Ingiza haya kwenye Excel," akasema, "halafu uyahamishie kwenye DSS." Nikajibu sawa Injinia, kama mtu anayeijua DSS tangu utotoni. Usiku ndipo nilipowasha bando na kuanza kutafuta DSS ni mdudu gani.

Ni ghala la data. Marekani kuna kituo cha uhandisi wa maji kinachoitwa HEC, kipo mji wa Davis, California, chini ya kikosi cha wahandisi wa jeshi lao, tangu mwaka 1964. Hao ndio waliotengeneza programu ambazo watu wa mito na mabwawa duniani kote wanazitumia kukisia mafuriko, na zinapakuliwa bure. Mwishoni mwa miaka ya sabini, 1979, walianza kutengeneza ghala moja ambalo programu zao zote zingeweza kuchota humo na kuweka humo. Ndilo hilo, HEC-DSS. Halikukusudiwa kuwekea orodha ya wateja au mishahara. Limekusudiwa vitu vinavyopimwa tena na tena kadiri muda unavyokwenda: kina cha maji kila siku, mvua kila saa, mtiririko wa mto kila dakika kumi na tano.

Sasa nani anaandika data moja kwa moja kwenye ghala la namna hiyo? Watu wanaishi ndani ya Excel. Kwa hiyo kuna kiongezi, yaani kiprogramu kidogo kinachopachikwa ndani ya Excel yenyewe. Unafungua shiti lako, unachagua kolamu ya tarehe na kolamu ya namba, unakiambia ni data gani, nacho kinaandika kwenye faili la DSS. Kesho ukitaka kuisoma data hiyo, unafungua shiti tupu, unachagua jina kwenye orodha, namba zinamwagika kwenye seli. Kusoma na kuandika, basi, hakina jingine.

Kukipachika kulinila siku mbili, sitaki kuzirudia. Nilipakua cha biti 32 na Excel yangu ni ya biti 64, kikakataa bila kueleza. Nikapata kinachofaa, Windows ikakifungia kwa kuwa kimetoka intaneti, mpaka ubofye kitufe cha kulia, uende kwenye sifa za faili, utie tiki pa kulifungulia. Umeme ukakatika katikati. Tuendelee.

Kilichonikamata ni majina. Kwenye Excel mtu unaandika juu ya kolamu "maji" na maisha yanasonga. DSS haikubali. Kila mfululizo lazima uwe na jina lenye sehemu sita, zimetenganishwa kwa mistari ya mshazari, nazo zinaitwa kwa herufi A mpaka F. A ni bonde au mto. B ni mahali. C ni kitu gani kimepimwa. D ni kipindi cha tarehe, na hiyo huijazi wewe, ghala linaijaza lenyewe: vipimo vya kila siku linavifunga mwaka kwa mwaka, vya kila saa linavifunga mwezi kwa mwezi. E ni umbali wa muda kati ya kipimo na kipimo, kwa mfano 1DAY. F ni yako, unaandika chochote cha kutofautisha toleo moja na jingine. Juu ya hapo unataja kizio, mita au milimita, halafu unataja aina: namba hii ni hali ya dakika ile ile uliyotazama, au ni jumla ya kitu kilichokusanyika tangu mara ya mwisho? Kina cha ziwa ni hali ya dakika ile, INST-VAL. Mvua kwenye kipima mvua ni mkusanyiko, PER-CUM.

Mwanzoni niliona usumbufu. Nilikuwa na mtu mmoja, kijiji kimoja, ubao mmoja. Ya nini kuuliza kama mwenyekiti wa mtaa anayeandika barua ya utambulisho? Jibu lilikuja kwenye sehemu B. Jina la kijiji kile linaandikwa kwa namna tatu. Mzee mwenyewe kaliandika tofauti kwenye jalada la daftari la kwanza na la sita, na mimi nikafuata jalada. DSS haijui kwamba ni kijiji kimoja. Herufi moja ikizidi, kwake huo ni mfululizo mwingine kabisa. Nilipofungua orodha nikakuta nina vituo vitatu kwenye ziwa ambako kuna Mzee mmoja tu. Ningekuwa kwenye Excel peke yake, kosa hilo lingelala usingizi mpaka kiama, kwa sababu kolamu inayoitwa "maji" haina kijiji cha kukosewa.

Kwenye kuta za maduka ya zamani hapa mjini utakuta maandishi ya rangi: mali bila daftari hupotea bila habari. Mzee hakuwa na shida ya daftari. Mali ilianza kupotea ilipohamia kwenye laptopu yangu.

Ya kwanza kupotea ilikuwa tarehe. Laptopu yangu niliinunua ikiwa imetumika, na mpangilio wake ulikuwa wa Kimarekani, mwezi unatangulia siku. Mimi naandika 03/04/2019 nikimaanisha tarehe tatu Aprili, Excel inaelewa tarehe nne Machi, inanyamaza. Nikiandika 13/04/2019, hakuna mwezi wa kumi na tatu, kwa hiyo inaiacha kama maneno matupu, nayo inanyamaza. Kwa mwaka mzima, siku 132 zinakaa mahali pasipo pake huku zikiwa na sura nzuri ya tarehe, na nyingine zote kuanzia tarehe 13 ya kila mwezi zinageuka kuwa maandishi. Zinazosalimika ni zile kumi na mbili tu ambazo siku na mwezi ni namba moja. Ukitaka kujua bila kusumbuka, tazama zimeegemea wapi kwenye seli. Tarehe ya kweli huegemea kulia, maandishi huegemea kushoto. Nilipotazama kolamu yangu ilikuwa kama njia ya mlevi, kulia kushoto kulia kushoto. Kiongezi ndicho kilichonishitua, kilikataa kuandika kwa sababu tarehe hazifuatani. Ni moja ya mara chache kilizonisaidia kwa kukataa.

Hapo nikajifunza kwamba ndani ya Excel hakuna tarehe hata moja. Kuna namba. Tarehe 1 Januari 1900 ni 1, kesho yake ni 2, na kuendelea. Saa ni sehemu ya siku: mchana wa saa sita ni nusu, 0.5. Ndiyo maana ukibadilisha muundo wa seli uwe wa namba unakuta 43558 badala ya tarehe yako. Na kabla ya mwaka 1900 hakuna kitu. Kwa mtu wa Kigoma hili ni la kuchekesha kidogo, maana tukio kubwa kuliko yote yaliyowahi kuandikwa kuhusu kina cha ziwa letu ni la 1878. Mlango pekee wa kutokea maji ni Mto Lukuga, upande wa Kongo, na katika karne ile ulikuwa umezibwa na matope na mimea. Ziwa likawa linapanda tu, mpaka 1878 kizuizi kikavunjika, na miaka iliyofuata maji yakashuka karibu mita 10. Stanley na Livingstone walipokutana Ujiji mwaka 1871, pwani waliyosimama haikuwa hii. Andika tarehe yoyote ya mwaka 1878 kwenye Excel uone: seli inaegemea kushoto. Kwake hilo si tarehe, ni hadithi.

Nimeacha kubisha. Wanasayansi wa vinasaba walibisha miaka mingi kwa sababu Excel iligeuza majina ya jeni zao, SEPT1 na MARCH1, kuwa tarehe za Septemba na Machi. Mwaka 2020 kamati inayosimamia majina hayo ikasalimu amri ikabadilisha jeni. Excel ikabaki ilivyo, mpaka 2023 ndipo ikaweka mahali pa kuzima tabia hiyo.

Sasa nifike kwenye saa.

Mzee alisoma ubao mara mbili kwa siku. Kwenye kolamu ya saa aliandika 1 na 11. Ukurasa baada ya ukurasa, mwaka baada ya mwaka, 1 na 11, 1 na 11. Nami nikaandika 1:00 na 11:00. Nisiulizwe nilikuwa nafikiria nini, maana mimi nimezaliwa Gungu, nimelelewa kwa Kiswahili, mtu akiniambia tukutane saa moja asubuhi siendi usiku wa manane. Lakini nikikaa mbele ya kibodi kuna mtu mwingine anaamka ndani yangu, mwenye saa nyingine. Akaona 1, akaandika 1:00. Kiongezi kikapokea. Kwa nini kisipokee? Saa saba usiku ni muda halali kama mwingine wowote.

Vipimo vya asubuhi peke yake niliviweka 1DAY. Vya asubuhi na jioni kwa pamoja haviwezi kukaa kwenye mfululizo wa vipindi sawa, kwa kuwa toka asubuhi mpaka jioni ni saa kumi na toka jioni mpaka asubuhi ni kumi na nne, kwa hiyo hivyo nikaviweka kwenye aina ya vipindi visivyo sawa, ile ambayo E yake huanza na IR. Nikajiona fundi. Nikampelekea Injinia faili kwenye flashi.

Injinia alikuwa na kitu cha kulinganishia. Kwa miezi michache kuliwahi kuzamishwa jirani na ubao kifaa kinachojipimia chenyewe, kinarekodi kila saa. Akachora mstari wa kifaa, akachora vipimo vyangu juu yake. Kwa siku za kawaida huoni tofauti, ziwa la urefu wa kilomita zaidi ya 670 haliendi mbio. Lakini siku za upepo mkali maji yanasukumwa, yanapanda na kushuka sentimita kadhaa kwa saa chache, na hapo ndipo mistari yetu ilipoachana. Akawa anausogeza wa kwangu mbele na nyuma kwa panya mpaka ukakaa. Saa tatu.

"Aa, hii ni UTC," akasema, na mimi nikatikisa kichwa kana kwamba ndivyo nilivyokuwa nataka kusema. Tanzania tuko saa tatu mbele ya saa ya dunia, kila anayeshughulika na vifaa analijua hilo, na kila anayeona tofauti ya saa tatu kamili anaacha kutafuta sababu nyingine. "Ongeza saa tatu kwenye data zako." Nikaongeza. Kwenye Excel ni kujumlisha 0.125 kwenye kila tarehe, kiongezi kikaandika upya, mistari ikalaliana vizuri ajabu. Tukanywa chai.

Nilikuwa narudi kibandani kwa miguu nikasimama barabarani. Vipimo vya asubuhi sasa vilikuwa vinasomeka saa kumi alfajiri. Vya jioni, saa nane mchana. Mzee gani anatoka kitandani saa kumi ya usiku, gizani, ashuke majini kusoma ubao, mahali ambapo yeye mwenyewe kaandika "Mamba" kwa wino mwekundu?

Kumbe makosa yalikuwa mawili na yalikuwa yanafichana. Mimi nilikuwa nyuma kwa saa sita, zile saa sita za kati ya saa ya Kiswahili na saa ya mzungu. Kifaa nacho kilikuwa kimewekwa UTC, kwa hiyo kilikuwa nyuma kwa saa tatu. Toa tatu kwenye sita unabaki na tatu. Tuliposahihisha kwangu kwa saa tatu, data mbili zikakubaliana kwenye wakati ambao si wa kweli kwa yeyote. Hakuna mashine ambayo ingelalamika. Kiongezi kiliandika uongo wote huo mara mbili, kwa adabu, bila hata onyo la njano.

(Na hapo bado hatujavuka maji. Ziwa hili lina nchi nne, na sisi peke yetu ndio tuko UTC+3. Burundi, Zambia na Kongo ya upande huu wako saa moja nyuma yetu. Ukichanganya vipimo vya Kigoma, Bujumbura na Kalemie kwenye faili moja bila kutaja saa ya nani, wimbi litapiga Kalemie kabla halijaanza.)

Jumamosi nilipanda boti. Injinia alinipa nauli na mfuko wa sukari wa kumpelekea. Mzee nilimkuta chini ya mwembe anashona wavu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye unayeandika madaftari yangu?"

Nikasema ndiye. Nikafungua laptopu, nikamuuliza kuhusu 1 na 11. Akanitazama kwa muda, kama unavyomtazama mtoto wa shule aliyeuliza mkia wa ng'ombe uko wapi. "Saa moja jua limetoka, naona namba. Saa kumi na moja jua halijazama, naona namba. Ulitaka nisome lini?"

Nilikaa pale mpaka jioni. Swali la saa liliisha kwa dakika moja. Yaliyobaki ndiyo yaliyonichukua siku nzima, kwa sababu nilianza kumuuliza kila alama. Kistari kifupi kwenye kolamu ya mvua maana yake nini? "Sikuwepo." Na sifuri? "Niliangalia, hakuna mvua." Na kisanduku kitupu? Akachukua daftari, akalipindua, akanionyesha ukurasa uliokunjamana. "Hili lililowa. Niliandika, wino ukaondoka." Kwa hiyo alikuwa na aina tatu za kutokuwepo, na mimi zote tatu nilikuwa nimeziingiza kama 0, kwa kuwa kolamu yenye matundu inaonekana mbaya.

Chukua siku tano za mvua: 12, 0, 0, kistari, 8. Ukikiacha kistari kama kilivyo, wastani ni 5, maana zimepimwa siku nne. Ukikifanya sifuri, wastani ni 4. Umeikausha Kigoma kwa moja ya tano na hakuna aliyekuona. Na kipimo cha mvua kina jingine: anakisoma asubuhi, kwa hiyo maji yaliyomo mengi ni ya jana. Milimita 30 zilizoandikwa tarehe kumi zilinyesha tarehe tisa usiku watu wakiwa wamelala. DSS inalijua hilo kwa namna yake, kila namba ya mkusanyiko inapigwa muhuri mwishoni mwa kipindi chake, na usiku wa manane inauita saa 2400 ya siku inayoisha. Excel inauita saa 0:00 ya siku inayoanza. Ndiyo maana mara ya kwanza uliposoma data kutoka ghalani ukadhani siku moja imepotea. Haijapotea, imehesabiwa na watu wawili, mmoja anayefunga duka na mwingine anayelifungua.

DSS ina namba yake ya "hakuna kipimo", -901. Nilipojaza vizuri vistari vyote na kuviandika ghalani nilifurahi sana. Kisha nikasoma data zile zile kurudi kwenye shiti jingine ili nijihakikishie, nikapiga wastani wa Februari bila kuangalia, ikaja hasi. Kigoma mvua ilikuwa inapanda kwenda mbinguni. Tangu siku hiyo, nikisoma kutoka DSS, kabla ya hesabu yoyote nazitafuta -901 kwanza nazifanya seli tupu. Tupu, si sifuri.

Nilikumbuka wavuvi. Mwaka 2024 serikali ilifunga uvuvi ziwani kwa miezi mitatu, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Mtu akiwa na mfululizo wa dagaa waliotua mwaloni, zile siku ni sifuri au ni -901? Nadhani ni sifuri, maana vipe, boti za wavuvi, vilikaa nchi kavu na hilo linajulikana. Lakini kwenye mfululizo wa bei ya dagaa wabichi siku hizo hizo ni -901, kwa sababu bei haikuwa sifuri, haikuwepo kabisa. Hakuna mahali pa kubofya palipoandikwa hivyo. Lazima mtu awe alikuwa Kigoma mwaka huo.

Jioni, Mzee anakwenda kusoma ubao, nikamfuata. Ubao ulikuwa mpya kiasi. Nikamuuliza wa zamani uko wapi, akaelekeza kidole majini. Ziwa lilipopanda miaka ya 2020 na 2021, lile lililozamisha nyumba za pwani, ubao wa kwanza ulimezwa. Wakaleta mwingine, wakausimika juu zaidi, na sifuri yake haikuwa pale ilipokuwa sifuri ya kwanza. Kwenye shiti langu hilo lilionekana kama siku moja ambayo ziwa lilishuka ghafla mita mbili na nusu na zaidi. Nilikuwa nimeliona. Nilidhani Mzee kakosea, nikawa nimepanga kulifuta.

Ziwa Tanganyika lina eneo la karibu kilomita za mraba 32,900. Sentimita moja tu ya juu yake ni zaidi ya mita za ujazo milioni 320. Mimi nilikuwa na mita mbili na nusu za kufuta kwa kitufe kimoja.

"Uliandika mahali popote ubao ulipobadilishwa?" nikauliza.

"Nyuma."

Nyuma wapi? Nyuma ya daftari la nane, kwenye jalada la ndani, mahali ambapo hakuna mtu anayeingiza data huangalia. Asubuhi ile kabla maji hayajaufunika kabisa ubao wa zamani aliwahi kusoma zote mbili kwa pamoja. Kaandika: zamani 4.02, mpya 1.37. Basi, hakuna maelezo. Tofauti ni 2.65. Ukiijumlisha kwenye kila kipimo cha ubao mpya, miaka inaungana kama wavu ulioshonwa. Nani alimfundisha? Nilimuuliza, akasema hakufundishwa, ila ukibadilisha kibaba cha kupimia dagaa lazima upime kimoja kwa kingine, la sivyo mteja atakuona mwizi.

Hapo nikaielewa herufi F, ambayo miezi yote ile nilikuwa naiacha tupu. Vipimo kama Mzee alivyoviandika, kila ubao na namba zake, nikaviandika ghalani F ikiwa GHAFI. Vilivyojumlishwa 2.65 na kurekebishwa saa, F ikawa SAHIHI. Yote mawili yanakaa kwenye faili moja, yana A moja, B moja, C moja, hayagusani. Na ni lazima yasigusane, kwa kuwa kiongezi kikiandika jina ambalo tayari lipo hakikuulizi, kinafunika. Najua kwa sababu wiki moja baadaye, usingizi ukiwa umenizidi, niliandika marekebisho ya mwaka mmoja juu ya ghafi yake. Ilibidi niufungue tena mfuko wa salfeti na kuchapa mwaka ule upya, kurasa zenye harufu, namba kwa namba. Safari hii nilifurahia, sijui kwa nini. Nilikuwa nausikia mwandiko.

Injinia nilimweleza yote, kuanzia na zile saa tatu. Alinyamaza, akacheka, akafungua mpangilio wa kile kifaa na kukuta kweli, UTC. Akasema lazima tumpelekee Mzee fomu mpya yenye saa za kimataifa, 07:00 na 17:00, zimechapwa tayari ili asihangaike. Nikazichapa, nikazipeleka mwenyewe.

Mzee alizipokea kwa mikono miwili, akazisoma, akazikunja akaziweka mfukoni. "Ahsante. Lakini saa yangu ni ya jua, mwanangu. Siwezi kusema saa kumi na saba, watu watadhani nimeanza kuchanganyikiwa."

Kwa hiyo nilibadilisha shiti badala ya kumbadilisha Mzee. Kuna kolamu inayoitwa "saa ya Mzee", nayo inapokea 1 na 11 kama zilivyo. Kuna ya pili kando ya hiyo, "asubuhi au jioni", kwa sababu siku akiamua kusoma usiku hesabu itabadilika na sitaki kukisia. Na ya tatu, ambayo haionekani kwa kuwa nimeificha, inagawanya saa yake kwa 24, inajumlisha 0.25, yaani robo ya siku, inaunganisha na tarehe. Hiyo ya tatu ndiyo kiongezi kinaiona.

Siku hizi mjukuu wake ana simu, kwa hiyo madaftari hayaji tena. Inakuja picha ya ukurasa, mara nyingi imepinda, kidole gumba kwenye kona. Ya juzi ilikuwa na mistari minne, 1 na 11, 1 na 11, mvua sifuri, kistari, na kwenye kolamu isiyo na kichwa: "Nilikwenda harusini Ujiji. Jioni amesoma mjukuu, nimemhakiki."

Nikaandika -901 kwenye mvua. Lile la mjukuu sikuwa na herufi ya kuliwekea, nikaliandika kwenye seli ya pembeni, kushoto.